Mlango wa Kurudia Nyumbani: Mila za Mapokezi na Urejeo wa Wafungwa wa Mauaji ya Kimbari nchini Rwanda, 2003–2012

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna Rwanda ilivyotumia asasi za asili, hasa ingando, gacaca, kazi ya pamoja na malipo ya icyiru, kuwapokea makumi ya maelfu ya watu waliorudi vijijini kutoka magerezani baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Hoja kuu ni kwamba nguvu ya mila za mapokezi haikutokana na sherehe yake bali na masharti yake: anayerudi sharti alete kitu, na anayempokea sharti awe na haki ya kudai, hata ya kukataa. Pale masharti hayo yalipolindwa, urejeo ulishika mizizi. Pale mila ilipobaki jina tu, mtu alifika kijijini lakini hakufika nyumbani. Sehemu ya mwisho inatoa mafunzo kwa ajili ya kundi linalomaliza vifungo vya miaka 25 hadi 30 katika kipindi hiki, ambalo linarudi baada ya mahakama za gacaca kufungwa.

1.0 Utangulizi

Neno gereza limetoka mbali. Wanaisimu hulihusisha na neno la Kireno igreja, lenye maana ya kanisa, na wenyeji wa pwani ya Afrika Mashariki walilitumia kuitaja ngome kabla halijazoeleka kwa maana ya nyumba ya wafungwa. Kutoka pwani neno hilo lilipanda bara, na leo Mnyarwanda husema gereza kama asemavyo Mswahili. Gereza mashuhuri zaidi la Kigali liliitwa kwa tarakimu tu, “1930”, kwa kuwa ndio mwaka wa kujengwa kwake. Liliendelea kutumika hadi mwaka 2018, wafungwa walipohamishiwa Mageragere. Jina lile lilikuwa ukumbusho wa jambo ambalo wataalamu wa sera husahau kwa urahisi: katika Rwanda gereza ni asasi yenye tarehe ya kuzaliwa.

Kabla ya utawala wa Wajerumani na Wabelgiji, kumfungia mtu ndani ya jengo kwa miaka mingi hakukuwa sehemu ya desturi za haki. Mkosaji alilipa fidia, alifukuzwa, alilipiziwa kisasi na ukoo aliouumiza, au aliadhibiwa na mamlaka ya mfalme. Kwa sababu hiyo mila zilikuwa na njia za kumrudisha aliyelipa deni, aliyetoka vitani au aliyetoka uhamishoni. Hazikuwa na njia ya kumrudisha aliyetoka gerezani, kwa kuwa hakukuwa na gereza la kutokea. Ukoloni ulileta nyumba yenye mlango wa kuingilia. Mlango wa kurudia nyumbani haukuletwa pamoja nayo.

Upungufu huo haukuonekana sana pale wafungwa walipokuwa wachache. Ulidhihirika mwanzoni mwa karne hii, watu walipotoka kwa makumi ya maelfu kurudi kwenye vilima walikotenda makosa yao, kuishi bega kwa bega na waliowajeruhi. Swali la makala hii ni la kihistoria, lakini lina uzito wa kisera: mila zipi ziliitwa kuziba pengo hilo, zilibadilikaje zilipoitwa, na kipi kati ya vilivyofanyika kilisaidia kweli?

2.0 Magereza yaliyofurika, 1994–2002

Kati ya Aprili na Julai 1994, katika muda wa siku takriban 100, watu zaidi ya milioni moja kwa hesabu ya serikali ya Rwanda waliuawa. Majeshi na wanamgambo wa Interahamwe walikuwa na sehemu kubwa katika mauaji hayo, lakini wengi wa waliouawa waliangamizwa na watu waliowafahamu kwa majina: jirani, mwenzi wa shule, hata shemeji. Uhalifu ulikuwa wa ujirani, na kwa hiyo hata adhabu ingekuja kuishia kwenye ujirani.

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 watu zaidi ya 120,000 walikuwa wamezuiliwa kwa tuhuma za kushiriki. Gereza la Gitarama, lililojengwa kwa ajili ya watu mamia, lilibeba maelfu mwaka 1995; wafungwa walisimama kwa kukosa mahali pa kulala, na wako waliooza miguu kwa kusimama kwenye tope. Sheria ya tarehe 30 Agosti 1996 iliwagawa watuhumiwa katika makundi kulingana na uzito wa makosa, na ikaweka utaratibu wa kuungama ili kupunguziwa adhabu. Kesi zilianza Desemba mwaka huohuo, lakini viongozi wenyewe walikadiria kwamba kwa mwendo ule kazi ingechukua zaidi ya karne moja. Katika mazungumzo ya Urugwiro ya mwaka 1998 na 1999 ndipo wazo la kurudi kwenye gacaca liliposhika nguvu.

Wakati huo wote, uhusiano wa gereza na nyumbani ulibebwa na wanawake. Kinyarwanda kina kitenzi kugemura, yaani kumpelekea chakula ndugu aliye mbali, hospitalini au gerezani. Mke, mama au dada alitembea na kikapu chake hadi lango la gereza, akangoja zamu, akarudi. Katika maandishi ya utekelezaji wa sheria kitendo hiki hutajwa kama nyongeza ya mgao hafifu wa serikali. Kwa mwanahistoria wa urejeo kina maana kubwa zaidi: kwa njia ya kikapu habari za ndoa, vifo na mipaka ya shamba zilimfikia mfungwa, na habari za mfungwa zikafika nyumbani. Familia iliyoacha kugemura, kwa umaskini, kwa uchovu au kwa aibu, mara nyingi ilikuwa imeufunga mlango miaka mingi kabla ya siku ya kuachiliwa.

3.0 Ingando: kituo kati ya gereza na kilima

Tarehe 1 Januari 2003 tangazo la rais liliagiza kuachiliwa kwa muda kwa makundi kadhaa: walioungama, wazee, wagonjwa mahututi, na waliokuwa watoto mwaka 1994. Zaidi ya watu 20,000 walitoka katika awamu ya kwanza, na wengine takriban 36,000 wakafuata katikati ya mwaka 2005. Waliotoka mwaka 2003 hawakwenda nyumbani moja kwa moja. Walipitia kwanza ingando na kufika vijijini mwezi Mei.

Ingando katika Rwanda ya kale ilikuwa kambi, hasa ya jeshi la mfalme lililotua safarini au vitani. Palikuwa mahali pa kusimamisha shughuli za kila siku na kufikiri kwa pamoja juu ya jambo zito lililo mbele. Baada ya mwaka 1994 jina hilo lilipewa kambi za mafunzo kwa wakimbizi waliorejea, askari waliobadili upande, wanafunzi na hatimaye wafungwa. Tume ya Taifa ya Umoja na Maridhiano, iliyoanzishwa mwaka 1999, ndiyo iliyosimamia mafunzo hayo: historia ya nchi, sheria ya gacaca, sera za serikali, afya na maisha ya pamoja.

Wazo la kuwa na kituo kati ya gereza na nyumbani lilikuwa la busara. Mtu aliyekaa miaka tisa katika umati, chini ya uongozi wa kapita na ratiba ya gereza, hawezi kuamka siku moja akawa mume, baba na jirani. Hata hivyo, mabadiliko mawili katika asasi hii yanastahili kuangaliwa. Kwanza, ingando ya kale ilikuwa ya watu wanaokwenda pamoja kwenye jambo moja, ilhali ingando ya mwaka 2003 iliwakusanya wanaorudi peke yao. Wale watakaowapokea, yaani manusura, wake na watoto, hawakuwa ndani ya kambi. Pili, mafunzo yalielekea upande mmoja. Mkufunzi alisema na mwanafunzi akasikiliza. Mtu alitoka akijua lugha ya umoja inayotarajiwa kwake, lakini hakuwa amejifunza namna ya kumjibu mjane atakayemuuliza mifupa ya mumewe iko wapi.

Matokeo ya pengo hilo hayakuchelewa. Manusura wengi walipata habari za kuachiliwa kwa wafungwa kupitia redio, pamoja na wananchi wengine wote. Mwishoni mwa mwaka 2003, katika eneo la Kaduha mkoani Gikongoro, manusura kadhaa waliuawa kabla ya kutoa ushahidi wao. Haitakuwa haki kuwahusisha warejeao wote na vitendo hivyo. Lakini matukio hayo yalionyesha kwamba aliyeandaliwa alikuwa mgeni tu, na mwenyeji aliachwa bila maandalizi.

4.0 Gacaca: ukweli kama mzigo wa anayerudi

Jina gacaca linatokana na jina la majani mafupi ambayo wazee waliketi juu yake kusuluhisha magomvi ya mifugo, mipaka, ndoa na urithi. Mauaji hayakuwa kazi ya kikao hicho. Lengo lake halikuwa kumtenga mkosaji bali kurudisha hali ya kuishi pamoja, na mara nyingi usuluhishi ulifungwa kwa kunywa pombe kutoka chombo kimoja. Kilichonyweka pale hakikuwa msamaha wa bure: kunywa kulikuja baada ya kusema na baada ya kukubali kulipa.

Sheria ya Januari 2001 iliipa asasi hii sura mpya kabisa. Waamuzi walioitwa inyangamugayo, yaani watu wanaochukia uovu, walichaguliwa Oktoba 2001, wakiwemo wanawake, ambao kikao cha kale hakikuwapa nafasi ya kuamua. Majaribio yalianza mwaka 2002 na kesi zikaenea nchi nzima baadaye, hadi mahakama hizo zilipofungwa rasmi tarehe 18 Juni 2012, zikiwa zimeshughulikia kesi zaidi ya milioni 1.9. Hii ilikuwa mahakama ya dola yenye jina la kikao cha wazee, na watafiti wengi wamelichambua pengo kati ya viwili hivyo. Zimetajwa kasoro za ulinzi wa haki za mtuhumiwa, shinikizo kwa mashahidi, na uamuzi wa mwaka 2004 wa kuyaondoa makosa ya kivita katika mamlaka ya gacaca, jambo lililoacha vifo vingine bila kikao cha kuvizungumzia.

Kwa upande wa urejeo, hata hivyo, gacaca ilibeba sharti moja la kale ambalo ingando haikuwa nalo. Ili ungamo likubalike, mtuhumiwa alipaswa kueleza alichotenda, kuwataja wenzake, kuonyesha miili ilikotupwa, na kuomba radhi. Kwa maneno mengine, anayetaka kurudi alipaswa kuja na mzigo, na mzigo wenyewe ulikuwa ukweli. Kwa familia ya marehemu, kuonyeshwa shimo au choo alimotupwa ndugu yao kulikuwa na thamani kuliko hotuba yoyote ya umoja, kwa kuwa kulimwezesha marehemu kuzikwa. Kinyarwanda huita maridhiano ubwiyunge, neno lenye mzizi uleule wa kuunga, kama fundi anavyouunga mfupa uliovunjika. Ukweli ulikuwa ndio kuupanga mfupa mahali pake kabla ya kuufunga. Mfupa uliofungwa kabla ya kupangwa huunga kombo.

Udhaifu ulijitokeza pale ukweli ulipogeuzwa kuwa sarafu. Kwa kuwa ungamo lilipunguza kifungo, wapo waliosema nusu, waliowataja waliokwisha kufa na kuwaficha walio hai, au waliokiri makosa madogo ili makubwa yasitajwe. Mwaka 2018, miaka 24 baada ya mauaji, makaburi ya halaiki yenye mabaki ya maelfu ya watu yalifukuliwa Kabuga, kando ya Kigali, katikati ya makazi ya watu. Vikao vyote vya gacaca vilikuwa vimepita na kufungwa, na siri ile ilikuwa imebaki. Tukio hilo linatukumbusha kwamba mtu anaweza kukamilisha kila hatua ya urejeo kwenye karatasi na bado akawa analala juu ya neno ambalo jirani yake amelingoja maisha yote.

5.0 Kazi na deni

Mila ya tatu ni ya kazi. Umuganda, kwa maana yake ya asili, ni mti wa kujengea nyumba. Kutoa umuganda ni kuleta mti wako kwenye ujenzi wa jirani. Desturi hiyo ilipitia mikono mingi: iligeuzwa kuwa wajibu wa kitaifa katika miaka ya 1970, na mwaka 1994 lugha ya kazi ya pamoja ilitumiwa hata kuwahimiza watu kuua. Kwa hiyo ilipohusishwa na adhabu ya kazi za manufaa ya jamii, inayofahamika nchini humo kwa kifupisho cha Kifaransa TIG, ilikuwa imebeba kumbukumbu nzito.

Utaratibu wa TIG uliwekwa kisheria mwaka 2001 na kuanza kutekelezwa mwaka 2005. Aliyeungama na kukubaliwa angeweza kutumikia sehemu ya kifungo kwa kuchonga matuta ya kuzuia mmomonyoko, kutengeneza barabara, kupasua mawe, na kujenga nyumba za manusura. Marekebisho ya Machi 2007 yalibadili hata mpangilio wa adhabu, ili kazi itangulie kifungo badala ya kukifuata. Kulikuwa na namna mbili za utekelezaji. Katika namna ya kwanza mtu aliishi kwake na kufanya kazi siku tatu kwa wiki katika eneo lake. Katika ya pili aliishi kambini na kufanya kazi siku sita, hivyo akamaliza mapema. Kwa hesabu za usimamizi kambi ilishinda: usimamizi wake ulikuwa rahisi na miradi mikubwa ilikamilika.

Kwa hesabu za urejeo mambo yalikuwa kinyume. Mtu aliyejenga ukuta wa nyumba ya mjane katika kijiji chake alionekana akiujenga. Mjane alimwona akibeba tofali, watoto walimwona, na siku nyumba ilipokamilika kulikuwa na kitu kilichosimama kati yao ambacho hakikuwepo kabla. Aliyepasua mawe katika kambi ya mbali alilitumikia taifa, lakini deni lake la kilimani lilibaki vilevile, kwa kuwa aliyemkosea hakuona malipo. Katika mila icyiru, yaani malipo ya fidia, hutoka mkono wa mkosaji na kuingia mkono wa aliyekosewa. Hakilipwi kwa mtu wa tatu.

Hapa ndipo ilipo kasoro kubwa zaidi ya kipindi hiki. Mahakama za gacaca ziliamuru kurejeshwa au kulipwa kwa mali iliyoporwa au kuharibiwa, na hata hivyo wengi wa waliohukumiwa hawakuwa na uwezo wa kulipa. Kwa uhai uliopotea hakukuwa na malipo ya mkosaji kwa familia. Mfuko wa kuwasaidia manusura wenye shida, ulioanzishwa mwaka 1998, ulisomesha na kutibu wengi. Lakini mfuko wa fidia uliotajwa katika mijadala ya sheria haukuanzishwa. Manusura aliombwa kumpokea mtu ambaye, kwa kipimo cha mila yenyewe, alikuwa bado hajalipa.

Mifano iliyopata sifa ni ile iliyojaribu kulipa deni kwa kitu kinachoonekana. Katika kijiji cha Mbyo wilayani Bugesera, kilichoanzishwa kwa msaada wa shirika la Prison Fellowship Rwanda, waliotoka gerezani na manusura walishiriki kujenga nyumba na wanaishi jirani. Mpango wa Girinka, ulioanza mwaka 2006 kwa lengo la kupunguza umaskini, humtaka aliyepewa ng’ombe kumpa jirani ndama jike wa kwanza. Mahali pengine ndama huyo amevuka kutoka boma la mkosaji kwenda la manusura, au kinyume chake. Haifai kukigeuza kijiji kimoja kuwa picha ya nchi nzima, hasa pale nyumba na ardhi vinapofungamana na kukubali kuishi pamoja. Lakini mifano hiyo inathibitisha kanuni moja: maneno ya radhi hukaa vizuri zaidi yakiwa na kitu mkononi.

6.0 Ndani ya nyumba: ndoa, watoto na ardhi

Maandishi mengi kuhusu urejeo nchini Rwanda yanahusu uhusiano wa mkosaji na manusura. Uhusiano wa mkosaji na watu wa nyumba yake umepewa nafasi ndogo, ingawa ndio unaoamua mtu atalala wapi usiku wa kwanza.

Mwanamke aliyeachwa mwaka 1995 akiwa na watoto wachanga alijifunza kulima, kuuza, kuhudhuria mikutano na kuamua peke yake. Wengine walizaa watoto na wanaume wengine. Mume alirudi akitarajia kiti chake na kukuta kimekaliwa, si lazima na mwanamume mwingine, bali na mwanamke aliyekuwa mtu mwingine. Watoto walikuwa vijana waliosikia habari za baba yao kwanza shuleni au kwenye kikao cha gacaca. Hakuna ingando iliyowaandaa watu hawa wawili kukutana.

Ardhi iliongeza ugumu. Sheria ya urithi ya Novemba 1999 iliwapa mabinti haki ya kurithi sawa na ndugu zao wa kiume. Kuanzia mwaka 2009 nchi nzima iliingia katika usajili wa ardhi uliopima na kuandikisha vipande zaidi ya milioni 10 katika miaka michache. Aliyekuwa gerezani wakati wapimaji wanapita hakusimama kwenye mpaka wake kusema neno. Anapotoka hukuta cheti chenye jina la mke, ndugu au mnunuzi, na mara nyingi chenye haki kamili. Mahali pa kwanza pa kupeleka mgogoro kama huo ni kwa abunzi, kamati za usuluhishi zilizowekwa chini ya Katiba ya mwaka 2003. Abunzi wana sura ya kikao cha zamani cha majanini kuliko hata gacaca ya mauaji ya kimbari, kwa kuwa wanashughulika na mambo yaleyale ya mpaka na urithi. Ni ajabu kwamba katika mipango ya urejeo hawatajwi sana.

7.0 Linganisho: milango miwili ya Waacholi

Uzoefu wa jirani unasaidia kulieleza tatizo la Rwanda. Kaskazini mwa Uganda, Waacholi waliwapokea vijana waliotoka msituni baada ya kutekwa na Lord’s Resistance Army, hasa baada ya Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000. Warejeao hao hawakuwa wafungwa, na wengi walikuwa wametekwa wakiwa watoto. Kwa hiyo linganisho lina mipaka. Lakini mila za Kiacholi zinatenganisha mambo mawili ambayo Rwanda iliyachanganya.

La kwanza ni nyono tong gweno, kukanyaga yai. Anayerudi baada ya kukaa mbali muda mrefu hulikanyaga yai lililowekwa pamoja na tawi la mti wa opobo na layibi, kijiti cha kufungulia ghala. Maana yake ni kwamba ametakaswa uchafu wa njiani na anaweza kula tena na watu wake. La pili ni mato oput, kunywa dawa chungu, ambalo huhusu uuaji. Hilo haliji hadi ukweli umesemwa, koo mbili zimejadiliana na fidia imekubaliwa, na linaweza kuchukua miaka. Mtu anaweza kulikanyaga yai leo bila mato oput kuwa imefanyika. Watu wake wamempokea. Walioumizwa bado wanadai.

Nchini Rwanda kuachiliwa, kurudi, kuungama, kuombwa msamaha na kusamehe vilisukumwa kupita mlango mmoja, na mara nyingi katika mkutano mmoja wa hadhara. Manusura aliyesema “bado” alionekana kana kwamba anaipinga nchi. Aliyerudi naye alinyimwa mapokezi madogo ya watu wake, yaliyowezekana, kwa sababu yaliunganishwa na maridhiano makubwa, yaliyohitaji muda.

8.0 Warejeao wa leo

Suala hili si la historia pekee. Watu waliokamatwa katikati ya miaka ya 1990 na kuhukumiwa miaka 25 au 30 wanamaliza vifungo katika miaka hii. Hawa ni tofauti na waliotoka mwaka 2003. Wengi wao hawakuungama, au ungamo lao lilikataliwa, wamezeeka, wazazi wamefariki na mashamba yamegawanywa. Wilaya walizoziacha hazipo tena: mwaka 2006 ramani ya utawala ilichorwa upya na kubaki wilaya 30, kiasi kwamba mtu hujua kilima chake lakini hajui jina la anwani yake. Zaidi ya yote, gacaca imefungwa. Hakuna kikao rasmi cha karibu kinachoweza kulipokea neno lake ikiwa leo yuko tayari kulisema.

Kutokana na uchambuzi huu, mambo matano yanapendekezwa kwa washauri wa sera wa Rwanda na wa nchi jirani zinazotafakari njia kama hii.

Kwanza, mwenyeji aandaliwe pamoja na mgeni. Familia ya anayerudi na manusura wa eneo lake wapewe habari mapema, kila upande kwa wakati wake, na mtu wanayemwamini; wasizipate redioni au njiani.

Pili, mapokezi yatenganishwe na maridhiano. Mtu ana haki ya kurudi kwake akishatumikia adhabu, na watu wake wasaidiwe kumpokea. Msamaha ni mali ya aliyekosewa, na kutousema kusihesabiwe kuwa kosa.

Tatu, kuwe na mahali pa kudumu pa kupokea habari za miili ambayo haijapatikana, bila kuifungamanisha na punguzo la adhabu. Sarafu ikiondolewa, ukweli una nafasi zaidi ya kuwa mzima.

Nne, kazi ya anayerudi ifanyike karibu na deni lake, katika kiwango anachoweza kwa umri wake, na matunda yake yawafikie waliokosewa. Ukuta mmoja uliojengwa kijijini una uzito kuliko kilomita nyingi za barabara ya mbali.

Tano, abunzi wahusishwe kabla ya mtu kutoka, ili suala la makazi na ardhi lijulikane mapema. Mwisho wa kifungo usiwe mwanzo wa ugomvi wa mpaka.

9.0 Hitimisho

Wanyarwanda husema inkoni ivuna igufa ntivuna ingeso, fimbo huvunja mfupa lakini haivunji tabia. Rwanda ilitambua mapema kuliko nchi nyingi kwamba gereza pekee halingeimaliza kazi, na ikatafuta msaada katika hazina yake yenyewe. Jaribio hilo lilikuwa la lazima na, kwa ukubwa wake, ni vigumu kulipata lingine la kufanana nalo. Kasoro zake hazikutokana na mila kushindwa na nyakati. Zilitokana na kuchukua majina ya mila na kuyaacha masharti yake: chombo kimoja cha pombe bila icyiru, kambi bila watu wa upande wa pili, umuganda mbali na nyumba inayojengwa.

Waswahili nao wana msemo kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hukumbukwa kama onyo kwa mgeni mvivu, lakini ndani yake mna utaratibu kamili wa mapokezi: mwenyeji hutoa siku mbili, mgeni hutoa kazi, na baada ya hapo si mgeni tena. Mipango mingi ya urejeo katika ukanda wetu huishia kwenye siku ya kwanza, siku ya hotuba na picha. Kwa wanaotoka sasa, wakiwa wazee na bila kikao cha kuwasikiliza, siku ya pili na ya tatu ndizo zitakazoamua kama waliofungwa mwaka 1995 watakufa kama majirani au kama wafungwa waliobadilishiwa gereza.